Kifungu cha Tatu na Daraja la Rwizi

Cheti cha Uthibitisho wa Uwezo wa Mwili kwa Mwanafunzi wa Sekondari Anayeomba Kujiunga na Somo la Afya na Mazoezi ni karatasi ndogo kuliko jina lake. Niliiona wiki hii katika ofisi moja ya Mbarara, mkononi mwa msichana aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Isipogongwa mhuri, Jumatatu haingii darasani.

"Umekuja na gari gani?" karani alimuuliza.

"Na miguu, mzee. Nimetoka jana."

Karani alitikisa kichwa kwa huruma, kisha akaweka kidole kwenye kifungu cha tatu. "Hapa imeandikwa lazima utembee mpaka daraja ya mto Rwizi na kurudi, na ofisa akuone na macho yake. Ile ya jana hakuna mtu ya serikali aliona."

"Sawa, mzee. Twende."

Karani alifunga koti juu ya tumbo, wakatoka. Sisi wa kwenye foleni tulifuata, maana dirishani hakubaki mtu. Njiani karani alisimama mara tatu, kila mara akijifanya anasoma cheti. Mama mmoja muuza vitenge akamwita: "Bwana karani, kwani leo anapimwa nani?"

"Kifungu hakiulizi hiyo," alijibu akihema.

Ni kweli. Hakuna mahali kinapomtaka shahidi naye awe na uwezo wa mwili. Darajani karani alikaa chini. Msichana alikimbia ofisini kuchukua mhuri, akarudi nao, na cheti kikagongwa palepale.