Walimziba Bi Zena uso, wakasahau kwamba Unguja hatujuani kwa uso

Assalaam aleikum wakuu, na wale wa salamu nyengine poleni na majukumu.

Kila nikiingia humu nakuta mnasifu zile filamu za "maisha halisi", ambamo wanawake wanaojiuza wanasimulia wenyewe walikotoka. Mnasifu, mnalia, mnaweka mioyo iliyopasuka.

Mimi nimekuwamo jikoni zinakopikwa. Ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu. Niliyoyabadilisha nitayataja mwishoni, msije mkasema nimewatia kamba.

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe. Wakija watu wa kamera nawatafutia nyumba ya kurikodia, nawakalimania, nawafukuzia watu wanaochungulia.

Basi akaja dairekta kutoka Dar, nimwite Kelvin. Kijana mwembamba, mpole, miwani mikubwa, ana wafadhili. Alitaka mwanamke wa Kizanzibari anayefanya biashara hiyo, asimulie maisha yake "kwa sauti yake mwenyewe". Hilo neno "sauti" alikuwa akilitamka taratibu, kama mtu aliyebeba mayai.

Nilikuwa namjua mmoja. Msiniulize nimemjulia wapi, kazi ya kutembeza wageni ina milango mingi.

Nimwite Bi Zena. Ana binti mmoja, Rahma, na siku zile posa ya Rahma ilikuwa imeshaletwa na familia ya watu wanaoheshimika. Mama wa bwana harusi mtarajiwa, nimwite Bi Salma, ni mtu ambaye akikohoa mtaa mzima unajua amekula nini.

Nilidhani Bi Zena atanifukuza. Akakubali.

"Kila siku nnasemwa bila jina," akaniambia. "Redioni nnasemwa, harusini nnasemwa. Na mie siku moja nijiseme."

Lakini alitoa sharti, na alilitoa mbele ya Kelvin.

"Nitasema yote. Ila mtu asinijue. Posa ya mwanangu ikivunjika kwa filamu yenu, sikusameheni duniani wala akhera."

"Usijali, mama," Kelvin akajibu. "Uso tutauziba kabisa."

"Mama yako umemwacha Dar. Mie Bi Zena."

Tukaanza. Chumba cha ghorofani, pazia, taa, kiti kimoja. Bi Zena akaanza na kicheko. Akasimulia alivyoachwa na mumewe, akawa anapika vitumbua barazani, na bwana mmoja akawa mteja wake wa kila asubuhi.

"Mwezi mzima ananunua vitumbua," alisema. "Nikajiuliza, huyu bwana mbona hachoki? Kumbe ana kisukari!"

Mshika kamera alicheka mpaka picha ikatikisika. Kelvin hakucheka.

"Bi Zena, tunaomba hisia."

"Hizi si hisia?"

"Hisia za maumivu."

"Ah. Hayo nimeyaacha nyumbani. Ungesema mapema ningekuja nayo."

Wakuu, kumbe alikuja nayo. Katikati ya mazungumzo akafika kwa mama yake mzazi, aliyekufa bila kusema naye, kwa sababu ya kazi hiyo hiyo. Alipelekewa habari na jirani, akaenda, akasimama nje ya nyumba aliyozaliwa, hakuna aliyemkaribisha. Hapo alilia. Hakulia kwa sauti, alilia kama mtu anayepangusa jasho.

Wakati huo mshika kamera alikuwa anabadilisha betri, kilichonaswa ni sauti tu.

Kelvin akainama kwa heshima zote akaomba kile kipande kirudiwe.

Bi Zena alimtazama kidogo. "Nimzike mamangu mara ya pili kwa ajili ya betri yako?"

Hakikurudiwa.

Zikabaki zile picha ambazo filamu hizi haziwezi kuishi bila hizo. Mnazijua. Mwanamke anakwenda zake kichochoroni, kamera iko nyuma. Mwanamke anatazama bahari, kinanda kinalia.

Bi Zena akavalishwa buibui lake na ninja yake ya kuziba uso, nyusi hazionekani. Akatembezwa kichochoroni kwenda na kurudi. Kisha akakalishwa pwani.

"Nitazame nini?"

"Tazama tu mbali."

"Mbali kule kuna kisiwa cha makobe. Nitazame makobe?"

"Wafikirie watoto wako."

"Nnaye mmoja, na yuko nyumbani anakaanga samaki."

Akatazama makobe. Picha ikatoka ya huzuni kweli.

Wiki kadhaa baadaye Kelvin akaniletea filamu niangalie tafsiri. Kwa uangalifu wake, juu ya ninja akaongeza ukungu wa kompyuta. Yaani aliyezibwa akazibwa tena. Sauti nayo aliinenepesha ikawa kama ya jini wa kisimani.

Nikakaa sebuleni na laptop, vifaa vya masikioni vimo, hakuna anayesikia ila mimi. Mama yangu akapita na ungo wa mchele. Akatupa jicho kwenye kioo, wala hakusimama.

"Mama Rahma huyo anakwenda wapi na jua lote hilo?"

Nikavua vifaa. "Nani?"

"Mama Rahma."

"Mama, uso hauonekani!"

"Uso wa nini? Huo si mguu wake? Wa kushoto anauburura tangu alipojifungua." Akaenda zake kuchambua mchele.



Kwa wenzangu wa bara nieleze. Huku mwanamke akitoka nje, uso ndicho kitu cha mwisho cha kumjulia. Tunajuana kwa mwendo, kwa kiatu, kwa hina ya vidole, kwa harufu ya udi, kwa namna mtu anavyokamata buibui akifika penye dimbwi. Mtoto akitoka chuoni kusoma Kurani anamchagua mama yake katikati ya mabuibui kumi na hakosei.

Kelvin alimficha Bi Zena ndani ya ile sura ambayo mtaa unamwona nayo kila siku ya Mungu. Angemwonyesha kisogo na nywele timutimu, huenda angemficha zaidi.

Nikampigia simu, tukakutana yeye, mimi na Bi Zena. Bi Zena aliitazama filamu kasimama. Alianza kucheka. Kisha akaacha.

"Ndiko kunificha huku? Hivi ndivyo nnavyokwenda sokoni."

Kelvin akasema ule mwendo ndio roho ya filamu. Akasema wafadhili wameshauona wameupenda. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba saini ya Bi Zena ya kukubali ipo.

"Saini ipo," Bi Zena akamjibu, "na ahadi yako ipo. Ukiionyesha hii, mie nitasimama mlangoni pa ukumbi, nimwambie kila anayeingia ulichoniahidi na ulichonifanyia. Kwa sauti yangu mwenyewe. Si ndiyo uliyokuwa ukiitaka?"

Kelvin akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema basi atafutwe mwanamke mwengine atembee badala yake. Nikamwambia hapati. Nani atajivisha mwendo wa kahaba katika mji ambao kila mwendo una mwenyewe?

Ndipo Bi Zena alipompima kwa macho, kutoka utosini hadi kwenye raba.

"Mwembamba wewe. Vaa wewe."

Wakuu, alivaa.

Dairekta aliyesomea filamu akaingia kwenye buibui, akaingia kichochoroni, akakanyaga pindo, akajigonga kwenye baraza. Muuza duka mmoja aliniita pembeni akaninong'oneza, "Huyo mama mnamtesa. Mpelekeni hospitali kwanza."

Picha za Bi Zena zikatolewa zote, na maneno yakasomwa upya na dada mmoja wa maigizo ya redio, Mbara, sauti nzuri. Bi Zena alikaa naye mpaka mwisho. Kelvin alijaribu kuviondoa vitumbua, eti haviendani na mood.

"Mguu wangu nimeutoa," akaambiwa. "Sauti yangu nimeitoa. Vitumbua vinapikwa kila mtaa, haviondoki."

Siku ya maonyesho ilikuwa baada ya alasiri, ukumbi mmoja Shangani, mapazia yamefungwa. Watu walijaa. Msifikiri ni mapenzi ya sanaa, palitangazwa sambusa.

Mgeni rasmi akafungua kwa hotuba. Akatuhakikishia kwamba matendo haya si ya kwetu, wanaoyafanya hutoka nje. Wanaume wa safu ya mbele wakapiga makofi kwa nguvu za ajabu.

Mimi macho yangu yalikuwa mlangoni. Bi Zena kaingia, kamshika mkono nani? Bi Salma, mama wa bwana harusi. Kidogo niangushe trei ya juisi.

Nilipompa glasi nikamnong'oneza, "Bi Zena, vipi?"

"Siku kama hii anayebaki nyumbani ndiye anayeulizwa," akasema, akapokea juisi.

Filamu ikaanza. Ilipofika kwenye vitumbua na kisukari, ukumbi ulilipuka. Wanawake walipigana mapaja. Safu ya mbele kulikuwa na bwana mmoja mwenye koti aliyeshikwa na kikohozi, na mwengine alikumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga. Sisemi kitu. Nasema nilichokiona.

Ilipofika kwa mama aliyekufa bila kusema na mwanawe, Bi Salma akaanza kufuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Jamani, mama anakufa hajasema na mwanawe!"

Bi Zena akampa leso yake. "Ndiyo dunia, dada yangu."

"Mie nisingeweza. Mwana ni mwana."

 Nilimwona Bi Zena ameishika ile glasi kwa mikono miwili.

Kisha kwenye kioo akatokea yule mwenye buibui, anakwenda zake kichochoroni kwa mbali, kinanda kinalia. Mama mmoja wa upande wa wafadhili akasimama baadaye kusema kwamba katika yale mabega ameuona uzito wote wa kuwa mwanamke. Kelvin, mwenye mabega, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Picha ikiwa bado kiooni, Bi Salma alimwinamia Bi Zena. "Maskini. Lakini huyo si wa hapa."

"Umejuaje?"

"Tazama anavyokwenda! Mwanamke wa Unguja anakwenda hivyo? Kama kavaa mguu wa kuazima."

"Kweli," akasema Bi Zena. "Hata mie naona."

Rahma kaolewa. Biriani nilikula, na lilikuwa zito.

Funzo nililolipata ni hili. Hawa wenye kamera wanakuja kutafuta sauti ya mtu, ila wameshaichagua kabla hawajafika. Wanataka ya kilio tu. Na ukimwahidi mtu utamficha, muulize kwanza kwao watu wanajulikana kwa kitu gani.

Karibuni mchangie. Mlioko Unguja semeni, nyinyi mama zenu mnawajulia nini?

Na wale wa "mkuu, weka jina" na "tupe mtaa", msijisumbue. Majina si hayo. Mguu si wa kushoto. Na vitumbua havikuwa vitumbua.