Buti Zilizokuwa Njiani

Kabla sijataja kosa la mtu mwingine, nitataja la mume wangu, na langu.

Mume wangu alikuwa mpakiaji wa magunia ya mahindi Kitale. Mimi nilikuwa na kibanda cha nafaka ng'ambo ya ghala lao, nikiuza kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Wapakiaji wale walikuwa na sheria moja ambayo hata tajiri wa lori hakuthubutu kuivunja: gunia halihesabiwi likiwa chini. Linahesabiwa likishatua ndani ya lori. Siku moja niliona lori zima likishushwa upya kwa sababu karani alikuwa ametia alama mbili mapema.

Wanane kati yao ndio waliokuwa timu ya kuvuta kamba. Mume wangu alikuwa nahodha, na ndiye aliyesimama mwisho, kamba ikipita chini ya kwapa, ikazunguka mgongoni na kurudi juu ya bega. Walimwita anka, yaani nanga. Walifanya mazoezi kwa kamba ya kufungia turubai, ile ya nailoni inayochuna viganja. Jioni nilikuwa nikimpaka mafuta ya ng'ombe mikononi, naye anacheka kama mtoto anayetekenywa.

Mwaka mmoja walichaguliwa kwenda mashindano nje ya nchi. Afisa wa chama cha kitaifa cha mchezo huo akaja Kitale na fomu, akaitandaza juu ya meza yangu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Fomu ilisema kila mvutaji amepokea buti za kuvutia, zile nzito zenye chuma kisiginoni, na kwamba timu imepewa kamba mpya na kukaa kambini wiki mbili kwa gharama ya chama. Hapakuwa na buti, wala kamba, wala kambi.

"Viko njiani," afisa akasema. "Lakini bila saini, tikiti hazitoki. Uamuzi ni wenu."

Mume wangu aliisoma fomu mpaka mwisho. Kisha akatia sahihi, wa kwanza, na wale saba wakafuata.

"Baba watoto," nikamwambia, "si hilo gunia bado liko chini?"

"Wewe pima mahindi. Haya ya michezo huyajui."

Nikapima mahindi. Hilo ndilo kosa langu.

Walikwenda wakavuta kwa viatu vya kuazima, wengine kwa buti za mvua, wakateleza mbele ya watu. Waliporudi, ghala zima liliwangoja. "Ati wanaume wa magunia!" mpishi wa githeri alipiga kelele. "Mmevutwa kama ng'ombe ya josho, bana!" Mume wangu alicheka nao. Nyumbani hakucheka.

Kijiji chetu ni Ndalu, na huko alikuwa ameanzisha timu ya wasichana chini ya klabu ile ile ya wapakiaji. Kila Jumapili baada ya kanisa walivuta kwenye kiwanja cha shule, miguu mitupu. Alipowaombea buti, jibu la chama likaja kwamba klabu yake ilishapokea jozi nane na kamba, na haiwezi kupewa tena. Alipiga simu mara nyingi. Sauti ya upande wa pili ilikuwa na adabu sana, na buti zilikuwa njiani sana. Kijijini watu wakaanza kusema nahodha aliziuza sokoni Kitale. Wasichana wale waliyasikia. Hakuwahi kuwaambia kwamba alitia sahihi. Nadhani aliona afadhali aitwe mwizi kuliko mjinga.

Kisha akaugua mapafu, akalala hospitalini wiki mbili, akafariki. Kwa kifo chake simlaumu mtu.

Kwenye mazishi maafisa walikuja na suti za michezo na shada la maua. Mmoja, yule yule wa fomu, akapewa kipaza sauti, akasema chama kiliwekeza kwa marehemu bila kubana mkono. Baadaye alinifuata nyuma ya jikoni, nikiwa nimekaa na wanawake.

"Pole, mama. Yale ya karatasi tuyazike na mzee, ama? Tutaweka kombe lenye jina lake."

Niligeuka nikawasogelea wanawake.

Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi ni siku ya kunyoa. Wafiwa wananyolewa nywele, kisha watu wanakaa kwenye nyasi na kuulizwa: nani anamdai marehemu, na marehemu anamdai nani? Kisichosemwa siku hiyo hakisemwi tena. Shemeji yangu mkubwa ndiye aliyeuliza. Mzee mmoja akasimama akasema anadai jogoo.

"Jogoo gani?"

"Yule tulikula pamoja. Lakini alikuwa wangu." Watu wakacheka, naye akasamehe.

Ndipo nahodha wa wasichana aliposimama, msichana mrefu, mikono nyuma. "Sisi tunadai buti," akasema.

"Keti chini! Hapa si uwanja wa michezo!" mtu akamfokea. Lakini shemeji alikuwa amenigeukia, akaniita shemeji kwa lugha yetu. "Mulamwa, sema mbele ya watu. Hizo buti ziko kwa nyumba, ama alikula?"

Kichwa changu kilikuwa kimetoka kunyolewa na upepo uliniuma. Nilijua nikisema "hakula" na kuketi, watu wangeniamini, na yeye angelala safi. Lakini wasichana wasingepata kitu, maana ile karatasi ingebaki inasema wamepewa.

"Hakula," nikasema. "Hakuna buti iliyofika. Lakini alitia saini kwamba zimefika. Alidanganya kwa mkono wake, na mimi nilimwona nikanyamaza."

Mama mkwe alifunika uso. Shemeji akasema, "Umemvua ndugu yangu nguo kaburini." Hatukusalimiana naye kwa miezi.

Mimi niliishia darasa la nane. Barua ya kwenda kwa chama niliiandika mara tano kabla haijanyooka. Nilieleza siku, meza, fomu, na maneno ya afisa. Nikawapelekea wale saba waitie sahihi. Watatu wakakubali. Wanne walisema wana watoto. Siwalaumu, na mimi nilikuwa na watoto siku ile nilipopima mahindi.

Bungoma nilikwenda mara nne kuipeleka. Ofisi ya kwanza ikataka cheti cha kifo, ya pili ikataka barua ya chifu, ya tatu ikauliza kama ninatafuta pesa. Nikasema ninatafuta mstari mmoja ufutwe. Mwishowe afisa yule yule akaniita.

"Unajua mumeo ndiye ataonekana mwizi?"

"Ataonekana mtu aliyetia saini bila kuona kitu. Andika hivyo."

Akaandika. Mkono wake haukuwa na haraka, lakini aliandika. Bado ana kazi yake, na kombe halikuja.

Mwaka huu wasichana waliitwa kuvuta Kanduyi, uwanjani. Asubuhi gari la chama likaleta katoni ya buti, na afisa yule akaja na orodha ya kutia saini yenye nafasi nane. Klabu ilikuwa imenichagua niwe mtunza vifaa. Nikawaambia wasichana, "Vaa kwanza. Tembea. Ukitosheka, ndio utie saini."

Sita wakavaa. Katoni ikaisha. Wawili walibaki wamesimama na raba zao za shule.

"Waandike tu wote, mama," afisa akasema. "Hizo mbili ziko njiani. Orodha isipojaa, timu haivuti."

Nilifungua mdomo, lakini yule msichana mrefu alinitangulia. "Basi hatuvuti," akasema, na akaanza kufungua kamba za buti zake. Wengine wakainama kufungua zao. Upande wa pili timu ya wageni ilikuwa imeshika kamba, na jukwaani watu walikuwa wakipiga mluzi. Afisa aliwatazama, akanitazama mimi, akanisukumia orodha.

Nikaichukua kalamu. Mbele ya zile nafasi mbili nikaandika: *hazijafika*. Nikamwomba naye atie sahihi yake chini ya neno hilo, akatia.

Walivuta, sita kwa buti na wawili kwa raba. Walishinda mvuto wa kwanza, wakapoteza miwili. Msichana mrefu alikuwa mwisho wa kamba.

Nakala ya orodha iko ndani ya Biblia yangu, mahali nilipoweka picha ya mume wangu. Kila mwisho wa mwezi nauliza kuhusu zile jozi mbili. Hazijafika, na karatasi inasema hivyo hivyo.