Samaki wa Wakwe Wasio Wangu

Jamani, aibu hii nimeificha vya kutosha, na kwa kuwa mke wangu Tumaini ameshaanza kuisimulia sokoni kwa namna inayonionea, bora niiseme mwenyewe. Mimi nilikula posa ya watu. Niliila kwa mkono huu, na nikaomba kuongezewa.

Sisi ni watu wa Mbeya, kazi ndiyo iliyotuleta Sumbawanga (mimi niko ofisini, yeye anauza vitenge), na muda wote huo hatukuwahi kushuka bondeni kuliona Ziwa Rukwa. Jumamosi moja Tumaini akasema leo tunakwenda, tukale samaki hukohuko na tupige picha ufukweni, na kwa ajili ya hizo picha alikuwa ametushonea sare, shati langu na gauni lake kitenge kimoja cha njano chenye maua makubwa, tukapendeza mpaka jirani akauliza harusi ni ya nani. Tukaondoka na baridi yetu ya asubuhi, njiani tukanunua kuku wawili wa kienyeji wa kurudi nao nyumbani, na pale barabara inapoanza kuteremka tukasimamisha gari tukashuka. Ziwa lilikuwa kule chini, jeupe, halina mwisho, na joto la bondeni linatupanda usoni. Tungepiga picha palepale tukageuza gari, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini njaa! Mwenzangu mmoja ofisini alinielekeza kwa mama fulani anayepika perege pale Muze, akasema ukishapita soko utaona nyumba yenye turubai mbele na moshi uani. Tukapita soko, nikaona turubai, nikaona moshi, nikasikia harufu ya samaki.

"Baba Joshi, uliza kwanza," Tumaini akasema.

Nikamwambia moshi ule unajieleza wenyewe. (Hapo ndipo nilipojimaliza.)

Hata sijazima gari, vigelegele! Kina mama wanakuja wanacheza, mmoja anamfungulia Tumaini mlango, mwingine ameshafungua buti na kuwatoa kuku wangu, anawanyanyua juu watu wawaone, vigelegele vinazidi, na mimi moyoni nasema kumbe hapa wanakupikia na kuku wako, hii ndiyo huduma.

"Karibuni wageni wetu wa Mbeya!" akasema mama mmoja mnene aliyejifunga kanga kiunoni, ambaye wenzake walikuwa wanamwita shangazi.

Nilishangaa amejuaje, nikadhani mwenzangu wa ofisini amempigia simu. "Ndio sisi, mama."

"Mmewahi kweli! Wenzenu wako nyuma?"

Mimi najua anaulizia wateja. "Wanakuja, barabarani kuna magari."

Tukaingizwa ndani, viti vina vitambaa vya kufuma, na upande wa pili wamekaa wazee wanne wamevaa makoti katika joto lile. Tukawaamkia, wakaitikia marahaba, kisha kimya. Tumaini akaninong'oneza mbona hapa kama kanisani, nami kwa kutaka kuchangamsha watu nikasema kwa sauti, "Wazee wangu, maneno baadaye, sisi tuna njaa, leteni samaki!"

Siku ya posa mgeni hali mpaka aseme alichojia na ajibiwe, hilo hata kwetu tunalijua, tena mimi mwenyewe nilipokwenda kwa kina Tumaini nilikaa na njaa mpaka jioni. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kitu kwa Kifipa, kwa ukali, na shangazi akamjibu kwa Kiswahili ili nasi tusikie, "Labda kwao ndivyo, wametoka mbali."

Chakula kikaletwa: perege wa kukaangwa wakaungwa na nyanya, ugali wa ulezi, mlenda wenye karanga, na togwa pembeni. Nikala, jamani. Nikamaliza kichwa, nikanyonya miiba, nikauliza kama mkia bado upo. Mzee wa katikati, ambaye ndiye mwenye nyumba, alikuwa ananitazama mdomo kila ninapotafuna. Tumaini alishaacha kula.

"Hapa si hotelini," akanong'ona.

"Kula, Mama Joshi, utaniaibisha."

Ndipo gari aina ya Noah likasimama nje. Wakaingia watu wengine, wanaume kwa makoti, wanawake kwa sare ya kitenge, wakiongozwa na mzee mmoja mrefu, na wakaganda mlangoni. Yule mzee akatutazama sisi, akaitazama sare yetu, akautazama ugali nilioumega, na kuku wangu wakachagua wakati huohuo kulia uani.

"Kumbe binti ana wachumba wawili," akasema taratibu. "Na wenzetu wameshalishwa. Baba Skola, tumeelewa. Twendeni."

Baba Skola, yule mzee wa katikati, akasimama. "Kwani hawa si wenu?"

"Hatujawahi kuwaona!"

Macho yote kwangu. Wageni wa kweli wakaanza kurudi kwenye gari lao, na kabla sijajua nifanye nini, mlango wa chumbani ukafunguka akatoka binti, Skola mwenyewe, ambaye hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe, miguu peku.

"Baba, miaka mitatu umemkatalia mchumba wangu," akasema. "Leo umekubali, na sasa wanaondoka!"

Nilitoka mbio. Nikasimama mbele ya ile Noah, mikono nimeitandaza, mmoja unadondosha mlenda.

"Mzee, shikamoo! Mimi si mshenga! Mimi ni mlafi tu! Nilikuwa natafuta hoteli!"

"Mlafi?"

"Mlafi, mzee. Muulize mke wangu."

Na Tumaini, kutoka mlangoni, bila hata kufikiria, "Ni kweli baba, tangu anioe."

Mzee akautazama ule mkono wangu. Mwanamke mmoja ndani ya Noah akaanza kucheka, akajiziba mdomo, akashindwa, wakacheka wote, wakashuka. Shangazi hakucheka. Alinikabidhi birika na beseni, akasema, "Wewe umeshashiba, utawanawisha wageni." Kuku wangu wakachinjwa kufidia samaki, Tumaini akapelekwa jikoni na gauni lake la picha, na mimi nikazunguka mtu mmoja mmoja nikimwagia maji mikononi, shati la maua limelowa jasho. Ziwani hatukufika.

Posa ilikubaliwa. Skola alipoitwa kujibu kama anawafahamu wale wageni, alipita pale nilipokuwa nimejibana na birika langu, akasimama. Nikajua leo natukanwa, na ningestahili.

"Wale samaki nimewaandaa mwenyewe tangu jana," akasema polepole, bila kuniangalia. "Walikuwa watamu, baba?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Watamu sana, mwanangu."

Akatikisa kichwa akaenda kuwajibu wakwe zake, ambao hawakubakiziwa hata mkia. Tangu siku hiyo, moshi unukie unavyonukia, mimi nabisha hodi nikiwa nje, nauliza pana shughuli gani na ya nani, na nisipojibiwa narudi garini na njaa yangu.