Mume Aliyebaki Nyuma

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Mama Zipu ilikuwa kupekua mikoba ya watu. Alikaa kwenye lango la nyuma la kiwanda cha nguo, ndani ya kibanda chenye meza moja iliyopigiliwa bati juu, na kila jioni kengele ikilia, wanawake mia mbili na ushei walipanga foleni mbele yake. "Zipu," alisema, bila kuinua macho. Mtu alifungua, naye akaingiza mkono, akapapasa chini, pembeni, na nyuma ya kitambaa cha ndani. "Pita." Jina walimpachika hao hao wanawake. Hakuna aliyethubutu kumwita hivyo usoni, ingawa alilijua siku nyingi.

Alikwisha kuona mengi mle kibandani. Vidonge vya uzi vilivyozikwa chini ya mabaki ya wali. Vifungo vilivyosukwa ndani ya nywele. Mwanamke mmoja alibeba mimba ya mita sita za pamba nyeupe, na siku hiyo alianza kumsalimia tangu yuko mbali, akamuuliza afya, akamuuliza hali ya mdogo wake, akacheka na kumsifia kitambaa cha kichwa. Hapo ndipo Mama Zipu alipopata kanuni yake: mwenye salamu ndefu ana mzigo. Asiye na kitu hupita amenuna, anataka kwenda zake nyumbani.

Mdogo wake alikuwa muuguzi wa zahanati, na waliishi nyumba moja tangu mume wa Mama Zipu alipofariki, miaka saba nyuma. Jioni moja alimfunga kile kipimo cha mkononi, akatazama namba, akapima tena.

"Dada, presha hii si ya kuchezea. Unakaa kutwa nzima. Utembee."

"Nitembee niende wapi?"

"Popote. Miguu haiulizi."

Alijaribu mtaani kwao siku mbili. Lakini nusu ya mtaa walifanya kazi kiwandani, na kila alipopita mazungumzo yalikatika vibarazani, watu wakatazama vidole vya miguu yao. Ndipo akaamua kwenda kilimani, nje ya mji, mwendo wa nusu saa kwa basi. Kule hakuna anayemjua. Atapanda peke yake, atashuka peke yake, presha itajua yenyewe.

Alichokuta kule kilimtia wasiwasi tangu Jumamosi ya kwanza. Watu walisalimiana. Watu wale wale ambao mjini wangekukanyaga kidole na wasigeuke, wakishafika kwenye njia ya mawe waligeuka ndugu. "Habari za kupanda?" "Pole na mlima, mama, umebakiza kidogo." Bwana mmoja alimpa nusu ya chungwa, akamweleza habari za vidonda vyake vya tumbo. Msichana mmoja alitaka kumshikia mkoba avuke penye utelezi. Mama Zipu aliukumbatia mkoba kwa mikono miwili, akavuka kwa makalio. Usiku alimwambia mdogo wake, "Wale watu wanatafuta kitu. Sijajua ni kitu gani."

"Labda wanatafuta hewa," mdogo wake akasema.

Jumamosi ya tatu aliwakuta mume na mke wamekaa kwenye jiwe bapa, karibu robo tatu ya njia. Mwanamume alikuwa na mikono mipana yenye makovu ya kuungua, mikono ya fundi bomba, kazi ambayo kweli ndiyo iliyokuwa yake. Mkewe alikuwa mwembamba, na alikuwa anamimina chai kutoka kwenye chupa.

"Karibu ukae, dada," fundi alisema. "Uko peke yako?"

Mama Zipu alisimama. Mtu unayemkuta njiani, hujui kwake wala kwao, anataka kujua uko peke yako ili iweje?

"Mume wangu yuko nyuma," alijibu. "Anakuja."

Maneno yalitoka laini, kama yalikuwa yamekaa mdomoni yanangoja zamu.

"Ah, vizuri. Sisi tunashuka, tutakutana naye. Tutamwambia akaze mwendo."

Wakafunga chupa yao, wakaaga, wakaenda. Mama Zipu alikaa pale pale kwenye jiwe, akanywa maji, akajipongeza. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Hii yake ilikuwa ndefu na ya mawe, na ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Ukungu ulishuka baada ya muda. Kilele kilipotea, kisha miti ya chini ikapotea. Alikuwa anajiuliza apande au arudi aliposikia viatu vinapanda haraka, na watu wawili wakatokea kwenye weupe ule wakihema. Walikuwa ni wao.

"Mama, hatujamwona," mke wa fundi alisema. "Tumeshuka mpaka kwenye kijito. Hakuna mtu."

Mama Zipu akauvuta mkoba kifuani. Watu wawili, ukungu, mwanamke mmoja. Mtu gani mwenye akili zake anapanda tena mlima aliokwisha kuushuka?

"Atakuwa amepumzika mahali," alisema.

"Mpigie simu."

"Ya kwake imezima."

"Amevaa nini?" fundi aliuliza.

"Shati la bluu la mistari. Kofia ya kijani." Lilikuwa shati la kweli. Lilikuwa bado linaning'inia kabatini.

"Ana shida yoyote ya afya?"

Hapa, sijui kwa nini, mwenyewe hakujua kwa nini, alisema kweli. "Moyo. Moyo ulikuwa unamsumbua."

Fundi hakuuliza tena. Alimwachia mkewe begi, akashika njia ya pembeni, ile ya zamani inayopita kwenye machimbo ya mawe, kwa kuwa mgeni akikosea pale kwenye njia panda huangukia huko. Mara wakawa hawamwoni, wanasikia sauti tu. "Shemeji! Shemeji, uko wapi?"

Wanawake wawili walibaki kwenye jiwe. Mke wa fundi alimimina chai akampa. Mama Zipu aliishika bila kunywa mpaka alipomwona mwenzake amepiga funda kutoka chupa ile ile. Alikuwa bado anapiga hesabu: huyu mume anazunguka ili atokee nyuma yangu. Alikaa upande upande aone pande zote. Mwanamke yule akavua sweta lake, akamtupia mabegani.

"Usiogope," alisema. "Akianza kutafuta huwa haachi. Mabomba yamemzoeza hivyo."

Na kule chini, "Shemeji!" Miaka saba hakuna mtu aliyemwita mumewe kwa sauti. Watu walimtaja kwa kunong'ona, marehemu, marehemu. Sasa mtu asiyemjua alikuwa anamwita ukunguni kama anamwita aje kula. Mama Zipu akainamia kikombe.

Kisha ikasikika sauti ya mawe yakiporomoka, na ukelele mmoja mfupi. Halafu kimya.

Mke wa fundi aliruka. "Baba Watoto!"

"Hayupo," Mama Zipu alisema.

"Nani hayupo?"

"Mume wangu. Alifariki miaka saba iliyopita. Nimekuja peke yangu. Niliwaogopa, nikadanganya."

Yule mwanamke alimtazama kwa muda ambao ungetosha kumtukana matusi yote anayoyajua. Hakutukana. Alichukua begi, akashuka mbio.

Mama Zipu angeweza kwenda zake. Hakuna aliyejua jina lake, na ukungu ulikuwa unatosha kuficha kijiji kizima. Alilifikiria hilo, nisimfiche. Kisha akamfuata.

Walimkuta fundi amekaa kati ya kokoto, kifundo cha mguu kimeanza kuvimba. "Nimemkosa, dada," alisema, uso umemsawijika kwa maumivu. "Lakini kama nimesikia mtu anakohoa kule chini."

"Umesikia marehemu," mkewe alisema, akamweleza kwa maneno machache.

Fundi alitazama mguu wake, akamtazama Mama Zipu.

"Ungesema tu hutaki mazungumzo," alisema. "Tungepita."

Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Mama Zipu kuliko kama angezabwa kofi.

Kushuka kulichukua saa mbili na nusu. Mke alishika bega moja, Mama Zipu la pili, na fundi akawa anarukaruka katikati kwa mguu mmoja. Kila aliyewakuta alisimama. Mzee mmoja alitoa fimbo yake mwenyewe. Vijana wawili wa kike walichukua mizigo yote, na mkoba wa Mama Zipu ukiwemo, kwa maana hakuwa na mkono wa kuushikia. Aliutazama ukitangulia, ukakata kona, ukapotea, na moyo wake ukadunda vibaya zaidi ya ulivyodunda wakati wowote siku ile. Walipofika chini, mkoba ulikuwa umewekwa juu ya benchi la kituo cha basi, na wale wasichana walikwisha kuondoka bila kungoja shukrani. Wenzake walipogeuka kutafuta gari, aliufungua akapapasa chini, pembeni, na nyuma ya kitambaa cha ndani. Kila kitu kilikuwepo. Aliona aibu, lakini alipapasa mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata aliuliza kwenye duka la vifaa vya ujenzi habari za fundi bomba aliyeumia mguu, akaelekezwa. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, na uani mabomba yalikuwa yamepangwa kwa urefu wake. Mke alifungua mlango upana wa kiganja.

"Umejuaje tunapokaa?"

"Nimeuliza dukani."

"Unataka nini?"

"Kumjulia hali."

Alikaguliwa kuanzia kichwani hadi viatuni, polepole, na akasimama wima akakaguliwa. Kisha mlango ukafunguliwa.

Fundi alikuwa ameweka mguu juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa, na alifurahi kupata mgeni. Waliongea habari za uvimbe, za dawa ya kuchua. Halafu akauliza, "Shemeji alikuwa mtu wa namna gani? Nimemwita sana, angalau nimjue."

Kwa Mama Zipu swali hilo lilikuwa geni, maana wote waliomzunguka walimjua marehemu na hawakuwa na haja ya kuuliza. Alisema alikuwa fundi wa mizani. Alisema alikuwa akicheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza, kwa hiyo mwisho wa hadithi zake hakuna aliyeujua. Alisema kwamba asubuhi ile ya mwisho walikuwa wamenuniana kwa sababu ya bomba la jikoni, na hilo hakuwa amemwambia hata mdogo wake. Mke wa fundi alisikiliza akiwa mlangoni, mkono kiunoni. Baadaye alivuta kigoda akakaa.

Mama Zipu alipoaga, mke wa fundi alimsindikiza mpaka nje.

"Sijakusamehe bado," alisema.

"Najua."

"Jumamosi nakwenda kupanda. Yeye hawezi. Kama unakuja, iwe saa moja asubuhi, pale chini. Mimi singoji mtu."

Wiki nzima Mama Zipu aliligeuza neno hilo kichwani, akitafuta yule mwanamke anataka nini kwake. Alimuuliza mdogo wake, naye akamwambia hajui, aende akaone. Jumamosi saa moja kasorobo alikuwa chini ya kilima. Mke wa fundi alifika saa moja na dakika kumi, hakuomba radhi, na wakaanza kupanda.