Jino Nililomnyima Msimamizi Wetu

Je, nilimwendea bingwa ili niuokoe mdomo wangu, au ili mzee mmoja wa Kariobangi aonekane mbele za watu kwamba ameachwa? Swali hili hunijia nikiwa mahakamani, ninakofanya kazi ya ukalimani kwa digrii yangu ya lugha, katika zile nafasi ambazo hakimu anaandika na sote tunaisubiri kalamu yake. Kila ninapodhani nimepata jibu, jibu la pili huinuka na kudai zamu yake.

Mzee huyo ni daktari wa meno. Yeye na mkewe ndio waliotusimamia mimi na mume wangu tulipofunga ndoa. Anayeyajua makanisa yetu ya Eastlands anajua uzito wa jambo hilo. Kazi ya msimamizi haiishi siku ya harusi. Mkigombana, kesi huenda kwake kabla ya kwenda kwa wazazi. Ukijifungua, mkewe ndiye huja na uji wa kwanza. Na ikiwa msimamizi ana duka, hununui sukari kwingine. Wetu alikuwa na koleo. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka ishirini, vinywa vya nyumba yangu vilifunguliwa mbele yake peke yake, katika chumba cha ghorofani juu ya karakana ya milango ya chuma, mahali ambapo mgonjwa aliyefumba macho hawezi kujua kama mashine inayolia iko kule chini au iko kinywani mwake.

Kwa miaka hiyo yote sina la kumlaumu. Meno ya kawaida aliyang'oa kama mtu anayechuma maharagwe. Tatizo lilikuja na gego langu la mwisho, la chini upande wa kulia, ambalo halikuota wima. Lililala ubavu ndani ya taya na kulisukuma jino jirani. Mzee alilipiga picha ya eksirei, akaiinua dirishani, akaitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akasema, "Hili tunaliweza, bibi harusi." Mimi ni mama wa watoto waliokwisha kumaliza shule, lakini kwake sijawahi kuwa mtu mwingine.

Aliomba kabla ya kunichoma sindano, kama anavyomfanyia kila mgonjwa, na baada ya sindano akaomba tena. Baada ya amina akaniuliza, "Umekufa ganzi?" Nilikuwa bado nahisi. Lakini utamwambiaje mzee ambaye ndiyo kwanza anafumbua macho kutoka kwenye maombi kwamba maombi hayajafika? Nikaitikia kwa kichwa.

Yaliyofuata sitayaeleza yote. Alivuta, akapumzika, akavuta. Jino likakatika, mzizi ukabaki. Akauchokoa mpaka shati likamganda mgongoni, nami nikaukamata mkono wake kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Hatimaye akaniziba kwa pamba na kusema kwamba kilichobaki kitajitokeza chenyewe. Jioni ganzi ilitoka shavuni, lakini mdomoni haikutoka. Kwa wiki kadhaa mdomo wa chini, upande ule wa kulia, haukuwa wangu. Chai ilinidondoka bila taarifa. Mahakamani, shahidi aliposema kwamba baba alimpiga mama, nilitafsiri kwa sauti ya mlevi, na wakili akaniomba nirudie. Mkalimani anayeombwa kurudia kila sentensi hana siku nyingi katika kazi ile, nami sina kazi nyingine.

Hata hayo ningeyasamehe. Nisichokisamehe ni chai ya Jumapili. Baada ya ibada huwa tunasimama uani na vikombe vyetu, na siku hiyo mzee alikuwa amepata wasikilizaji. "Huyu bibi harusi wetu," akawaambia, mkono wake ukiwa begani mwangu, "alinishika kama mtu anayezama mtoni! Nikamwambia, mama, digrii haifi ganzi!" Wakacheka. Mwenyekiti wa akina mama alicheka hadi akalazimika kuweka kikombe chini. Nami nikacheka nao, na chai ikanitoka kwenye ule upande uliokufa, ikachora mstari kwenye blauzi yangu nyeupe. Wakacheka zaidi.

Siku ile kisasi kilianza kuota ndani yangu, nacho hakikulala ubavu.

Hisia za mdomo zilirudi polepole, zikitembea kama sisimizi. Lakini mzizi uliobaki ukaanza kutunga usaha, na haikuwezekana tena kuuacha. Mzee akanipigia simu kwamba Jumamosi angeumaliza. "Njoo mapema, kabla benchi halijajaa," akasema. Mume wangu aliliona jambo limekwisha. Mimi nikaenda mjini kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, na nilimwambia mume wangu peke yake.

Bingwa alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mkavu wa maneno. Hakuomba. Alinipiga picha kubwa iliyoonyesha taya zima, na kwa ncha ya kalamu akanionyesha njia nyembamba iliyopita chini kabisa ya mzizi. "Humu ndimo unamopita mshipa wa fahamu wa mdomo wako," akasema. "Mara ya kwanza ulisumbuliwa, ukapona. Ukikatwa, usitegemee kupona."

Nikangoja alaani. Nilikuwa nimekwenda pale, kwa kweli, kuisikia laana hiyo ikitoka katika kinywa chenye mamlaka. "Aliyeianza kazi hii aliiharibu, sivyo?" nikamsaidia.

"Mizizi hukatika. Hata mimi hunikatikia."

"Lakini daktari wa kawaida hakupaswa kuligusa jino kama hili."

"Wapo madaktari wa kawaida wanaoyatoa haya vizuri kila wiki. Wako simjui. Muulize swali moja tu: akikutana na mshipa, atafanya nini? Jibu likikuridhisha, baki naye. Lisipokuridhisha, nina nafasi Jumamosi asubuhi." Akaniandikia dawa za kutuliza usaha, kisha akaongeza, "Ukija, niletee ile picha ya kwanza. Nataka kuona mizizi ilivyokuwa kabla ya kukatika."

Ijumaa jioni tulikwenda nyumbani kwa mzee, mimi na mume wangu, kwa kuwa kwa msimamizi huendi peke yako. Mkewe akatumiminia chai. Nikauliza swali kama nilivyoagizwa.

"Nitasimama," mzee akajibu bila kusita. "Nitafunga kidonda, nikutume kwa bingwa."

Lilikuwa jibu zuri. Liliniudhi kwa uzuri wake. "Na mara ya kwanza, mzee, mbona hukusimama?"

Mkewe aliacha kumimina. Mzee akakizungusha kikombe chake juu ya kisahani, akakizungusha tena.

"Nilijua nimefika mwisho," akasema hatimaye. "Lakini ningekuambiaje, bibi harusi? Mtu niliyemsimamia harusi, nimwambie nimeshindwa na jino?"

Mume wangu akakohoa. Nami nikatambua kwamba kamba moja ilikuwa imetufunga sote wawili: yeye alishindwa kuniachilia, mimi nilishindwa kumtoka. Mtu angedhani utambuzi huo ungenilainisha. Ulinitia makali. Kumbe alijua, akaendelea kuchokoa, kisha akasimama uani na kunicheka!

"Basi kesho mapema," mkewe akasema.

"Kesho mapema," nikaitikia. Sikusema wapi.

Tulipokuwa tukitembea kwenda steji ya matatu, mume wangu alisema, "Utaenda kwa yule wa mjini."

"Nitaenda."

"Haya, mdomo ni wako. Lakini hiyo picha ungemwomba sasa hivi. Kliniki iko hapo tu, na funguo anazo mfukoni. Nirudi nikamwombe?"

"Leo hakuna watu," nikasema.

Akasimama. "Mama watoto, yule ni mzee wetu. Mwambie huendi kwake, inatosha. Si lazima umvue nguo."

"Mimi alinivua uani, watu wakishika vikombe."

Akatangulia kupanda matatu ya kurudi kwetu Kayole.

Asubuhi benchi lilikuwa limejaa kama nilivyotaka. Fundi mmoja wa karakana ya chini, shavu limefura kama andazi, ovaroli nyeusi kwa grisi, alijibana ili nipate pa kukaa. Sikukaa. Mzee akatokea mlangoni na koti lake jeupe. "Bibi harusi! Karibu, karibu ndani, tuanze na maombi."

"Sikuja kutibiwa, mzee," nikasema, kwa ile sauti ya mahakamani inayofika kiti cha nyuma kabisa. "Nimekuja kuchukua picha yangu. Ninakwenda kwa bingwa anitolee ulichokiacha. Digrii haifi ganzi, lakini mdomo hufa."

Hata mashine ya chini ilikuwa kimya, maana mwenyewe alikuwa pale benchini na shavu lake. Mzee aliingia ndani, akarudi na picha, akaifuta kwa pindo la koti, akanikabidhi kwa mikono miwili. Hilo sikulitarajia. Katika malezi yetu mikono miwili ni ya mdogo anapompa mkubwa. Niliipokea kwa mmoja.

Fundi alinitazama, kisha akautazama mlango. "Dada, huyu daktari ako sawa? Niambie kabla niingie, hii kitu imenimaliza."

Alikuwa akilishika jino la pembeni, la juu, la aina ambayo mzee huing'oa kabla hujameza mate. Ningeweza kumwambia hivyo. Nilishuka ngazi. Nyuma yangu nikasikia benchi likikwaruza sakafu, kisha buti zake nzito zikishuka nazo, akiondoka na maumivu yake yote. Nami nilifurahi. Nilifurahi kutoka Kariobangi hadi mjini, nikiwa nimeipakata ile picha.

Bingwa aliiweka kando ya ile yake kubwa, akazitazama zote mbili, na juu ya mzee hakusema lolote. Akanichoma sindano. Akangoja. Kisha akaugusa ufizi kwa ncha ya chuma.

"Umekufa ganzi?"

Nilikuwa nahisi kwa mbali, kama mtu anayebisha mlango wa jirani.

"Bado," nikasema.

Akachukua sindano ya pili bila kuuliza zaidi. Alipougusa tena ufizi, sikuhisi kitu. Nikamwambia. Nikafungua kinywa, naye akaanza kukata.