Ng'ombe Ndani ya Neno Moja

Juma lililopita nilikwenda boma la Shinyanga kulipia leseni ya baiskeli. Nikamkuta bibi mmoja wa Kishapu akimweleza Bwana Shauri, mzungu wa serikali anayesikiliza mashauri, jinsi alivyovuka mto uliofurika, ameshika mkia wa ng'ombe wake. Katikati ya maji ng'ombe akaghairi, wakarudi, wakaanza upya. Sasa ng'ombe amezuiwa karantini, naye anaomba aachiliwe. Alisimulia kwa Kisukuma mpaka akaketi sakafuni kwa kuchoka.

Karani mkalimani akamgeukia mzungu, akasema, "Harrowing."

Bibi akangoja. Karani akakunja mikono.

"Umemaliza?" bibi akamwuliza.

"Nimemaliza, mayu," karani akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ndilo neno lao la mateso ya kutisha."

"Mto umo?"

"Umo."

"Na ng'ombe?"

"Yumo."

"Basi lirudie polepole, asizame."

Karani akalirudia, akilivuta kama kamba, na bibi amekaza ngumi kifuani kana kwamba bado ameshika mkia. Bwana Shauri akaandika kibali upesi.

Jana mwalimu mmoja alilitumia neno hilo hilo kwa sababu chai yake ilikuwa imepoa. Nikamwuliza ng'ombe wake amevukia wapi.