Kona Niliyoipinda Nikiwa Mwali

Mjukuu wangu mmoja kasomea kupanga miji. Juzi alikuja Temeke kunisalimia, akasimama barazani kwangu akiitazama barabara. Inakuja imenyooka kama uzi, ikifika usawa wa nyumba yangu inajikunja kama mtu aliyekanyaga mwiba, ikishapita inanyooka tena.

"Bibi," akasema, "wakoloni walikuwa na akili. Kona hii waliiweka ili maji ya mvua yapunguze kasi."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Kona ile niliiweka mie. Sikuwa na kalamu wala rula. Nilitumia ulimi, na wala sikusema neno.

Enzi hizo Mwingereza ndiye anatawala, na mie nilikuwa mwali. Kwetu Wazaramo msichana akishakua anawekwa ndani miezi kadhaa, anafundwa na bibi yake, na mwanamume asimwone mpaka siku anapotolewa kwa ngoma. Unakula vizuri, kazi hufanyi. Wiki ya kwanza ni raha. Mwezi wa tatu nilikuwa nimeshazijua fito zote za paa, na moja nilikuwa nimegombana nayo.

Uani kwetu kulikuwa na kisima cha maji baridi. Visima vya majirani vilikuwa vya chumvi, chai yake ungedhani mchuzi. Mtaa mzima ulikunywa kwetu, na bibi yangu alitembea kama sultani kwa ajili ya kile kisima.

Basi wakaja wapimaji wa barabara. Mzungu mmoja mwembamba, na mshika mnyororo wake wa kupimia, mtu wa pwani kama sie. Walikuwa wakipigilia vigingi vyeupe kutoka mbali huko, na mstari wao ukaja moja kwa moja mpaka kwenye ua wetu wa makuti. Ukiendelea, unapita juu ya kisima. Kingefukiwa.

Nikawasikia mlangoni.

"Shikamoo, bibi. Bwana mpima anaomba kuingia uani, aweke kigingi."

"Marahaba. Uani kuna mwali."

Mshika mnyororo akarudi nyuma hatua moja. Anajua. Mzungu akauliza mwali atatoka lini.

"Akiiva," bibi akajibu.

"Bwana anasema barabara hii si ya leo. Ni ya mji wa miaka hamsini mbele. Wajukuu wa wajukuu zako watapita hapa na magari."

"Basi hao wajukuu waje wenyewe waniombe. Mie leo nina mwali."

Wakaondoka. Wakarudi baada ya wiki mbili: mwali yupo. Wakarudi tena: yupo. Mpunga ukavunwa, wenzangu wa mtaani wakatolewa, ngoma nazisikia, mie niko na fito zangu.

"Bibi, wenzangu wote wametoka."

"Wenzako wana kisima?"

Nikaelewa. Siku nitakayotoka mie, kigingi kinaingia. Nilikipenda kisima, lakini jamani, na mie nilikuwa nataka kutoka!

Siku moja bibi akaenda msibani. Yule Mzungu naye hakuwa mjinga. Haruhusiwi kuingia, sawa, lakini kutazama? Akasimamisha darubini yake ya miguu mitatu hatua chache nje ya ua, akamtuma mshika mnyororo anyanyue kuti moja huku na jingine kule, apate kuona moja kwa moja ng'ambo ya ua. Mie nilisikia makuti yakichakacha, nikadhani mbuzi. Nikatoka uani kumfukuza. Pale kwenye tundu nikaona jicho la kioo linanitazama.

Ningekimbia. Desturi inataka nikimbie. Nikautoa ulimi wote, mpaka shina lake, nikausimamisha hapo kwa muda mzuri tu. Miezi mingapi ile! Halafu ndipo nikapiga ukunga.

Wanawake wakamiminika kutoka msibani, bibi mbele, kanga kiunoni.

"Nani kamchungulia mwali?"

Mshika mnyororo akaliachia kuti. Mzungu, masikini, mtu mkweli, akasema kwa Kiswahili chake:

"Mimi naona yeye kidogo tu. Kichwa iko chini, miguu iko juu."

Kisha bibi akashika kichwa.

"Mmempindua! Mmempindua mwali wangu kichwa chini! Nani atamwoa mwali aliyepinduliwa?"

Mzungu akajitetea kwamba ni darubini, hupindua kila kitu, hata miti. Akamkaribisha bibi achungulie mwenyewe. Bibi akainama, akafumba jicho moja. Aliporuka nyuma nusura aangushe ile miguu mitatu.

"Astaghfirullahi! Na nyumba yangu mmeipindua! Paa liko chini!"

Vilio vikaanza upya. Mwanamume akimchungulia mwali hulipa faini, kwa kawaida kuku. Mshika mnyororo akaahidi kuku. Akaahidi wawili. Bibi akakataa.

"Sitaki kuku. Huyu bwana alipopitisha jicho lake hapa, asipitishe kitu kingine tena. Apitishe barabara yake kule, kwenye mihogo yangu. Mihogo haina aibu."

Mzungu akatazama ramani yake ya miaka hamsini. Akawatazama wale wanawake. Akatoa kifutio.

Alipokuwa anafuta alitupa jicho dirishani kwetu, nilipokuwa nachungulia, akajigusa ulimi kwa kidole, akatabasamu. Hakumwambia mtu. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Wiki iliyofuata nikatolewa kwa ngoma, na vigingi vilikuwa vimeshazunguka.

Sasa mjukuu wangu alikuwa bado barazani, anaandika kwenye kidaftari habari za maji ya mvua. Sikumbishia. Nikaenda uani, nikamtekea kikombe kisimani.

"Kunywa, baba. Ni kweli kona iliwekwa kwa ajili ya maji. Umekosea tu maji yepi."